Mama Mkunga Anajibu: Damu ya binti wa miaka 16

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mabinti wadogo wenye mimba walioambiwa kituoni kwamba damu yao ni kidogo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna barua nyingine ishirini ambazo sina nafasi ya kuzichapa. Zile nyingine mtanisamehe, nitazijibu kama muuguzi mwenye foleni mlangoni.

*Mama Mkunga, nakusalimia. Mimi ni mama wa watoto sita, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale Beach Muhanzi tangu mume wangu apoteze kazi. Binti yangu wa pili ana miaka 16. Alificha mimba chini ya pulovere hadi mwezi wa tano, mimi nikidhani ananenepa na kwamba pulovere ni ya baridi. Nilipogundua nilimpiga, sitaficha. Shangazi yake ndiye aliyempeleka CPN, kliniki ya wajawazito. Wakamtoboa kidole, wakasema damu ni 8.2, wakampa komprime za damu, vidonge 2 kila siku. Alimeza siku nne akaacha. Anasema zinamchafua moyo, na choo kimekuwa cheusi kama makaa, anaogopa damu inamwozea tumboni. Jirani ananiambia dawa hizo zinanenepesha mtoto, na kwa vile binti ni mdogo atapasuliwa. Yeye anashauri nyanya ya kopo ichanganywe na sukre nyekundu ya chupa, ile soda, kila asubuhi, eti wiki mbili tu damu inapanda. Nimekwisha kununua makopo manane. Binti anachoka, akipanda kutoka barabarani hadi kwetu Cimpunda anakaa chini mara tatu. Sasa ana miezi sita na nusu. Dada yake alizaa akiwa na miaka 23 na hakuona shida yoyote ya namna hii. Nifanye nini? Mama wa Beach, Bukavu.*

Mama, karibu. Umesema ulimpiga, tena ukalipita neno hilo upesi. Nitalirudia. Tuishike kwanza namba, maana namba haisubiri.

Ile 8.2 ni kipimo cha hemoglobini, kile kitu chekundu cha damu kinachobeba hewa tunayovuta na kuisambaza mwilini hadi kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito awe na gramu 11 kwa desilita au zaidi. Miezi ya katikati tu ndiyo wanakubali 10.5, kwa sababu wakati huo maji ya damu yanaongezeka upesi kuliko wekundu wake. Ikishuka chini ya 7, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Binti yako hajafika ukingoni, ila ukingo anauona. Na kuna jambo ambalo hata sisi wa kazi hii tunalisahau: tunaishi juu. Maji yenyewe ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 juu ya bahari, na Cimpunda iko juu ya ziwa. Mtu wa milimani mwili wake hutengeneza damu nyingi kidogo ili kufidia hewa nyepesi. Ukitaka kujua amesimama wapi hasa, unaipunguza namba yake kwa nusu gramu au zaidi. Kwa hiyo 8.2 ya Bukavu ukiishusha hadi pwani inakuwa saba na kitu. Sishangai mlima wa kwenu unamkalisha chini mara tatu.

Umeuliza kwa nini dada yake hakupata shida. Chukua punje mbili tatu za maharagi makavu, uziweke kiganjani. Uzito huo, gramu 1 hivi, ndio madini ya chuma ambayo mimba moja inayadai tangu mwanzo hadi kuzaa. Karibu theluthi inakwenda kwa mtoto na kondo lake, nusu inakwenda kuongeza damu ya mama mwenyewe, na kinachobaki ni kile ambacho mwili wowote hupoteza siku kwa siku. Unaona ni kidogo, sivyo? Lakini kutoka kwenye sahani ya kawaida mwili hunyonya miligramu 1 au 2 kwa siku, na hiyo gramu ni miligramu 1,000. Sehemu kubwa inabidi itoke akibani. Dada mtu, kwa miaka 23, alikuwa amemaliza kurefuka na huenda alikuwa na akiba yake. Huyu wa 16 bado anarefuka, mifupa inadai, nyama za mwili zinadai, na damu ya mwezi nayo ilianza juzi tu na kuchukua fungu lake. Mgeni amebisha hodi nyumba haina unga.

Sasa komprime, yaani vidonge vya chuma. Mama, hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndipo vita vinaposhindwa, na vinashindwa kwa mambo madogo.

Choo cheusi si damu inayooza. Ni chuma ambacho tumbo halikukinyonya, kinatoka kama kilivyo. Miaka 29 nimekuwa mkunga, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa mashine yangu ya ukweli. Binti akiniambia anameza kila siku, namuuliza kwa upole, “Na choo ni rangi gani?” Akisema cha kawaida, najua vidonge viko chini ya godoro. Wako alikuwa anameza kweli, usimlaumu. Kichefuchefu nacho ni cha kweli, si maringo ya mimba. Amekuwa akimeza asubuhi kabla hajala, nakisia? Ahamishie usiku, baada ya chakula, dakika chache kabla ya kulala, ili moyo ukichafuka aukute usingizi. Kama viwili kwa pamoja vinamshinda, ameze kimoja baada ya chakula cha mchana na kingine usiku. Kwa binti ambaye damu imekwisha kupungua, dozi ni miligramu 120 za chuma kwa siku, yaani vile vidonge viwili vya 60 walivyompa, hadi namba irudi 11. Ikisharudi, kimoja kwa siku kinatosha hadi baada ya kuzaa. Choo kikiwa kigumu, maji kwa wingi, papai, avoka. Na wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Aliacha siku ya nne, alikuwa karibu kuivuka.

Halafu kuna chai. Niliwahi kumtembelea binti mmoja huko Bagira ambaye damu yake ilikataa kupanda kwa wiki sita ingawa choo kilikuwa cheusi kama lami. Nikamwomba anionyeshe anavyomeza. Akamimina kikombe cha chai kavu, nyekundu ya kuiva kabisa, ile yetu ya Kivu ambayo mimi mwenyewe siiachi, akatafuna bitumbura viwili, akatupia vidonge mdomoni, akavishushia chai. Chai ina kitu kinachokishika chuma tumboni na kukizuia kuingia kwenye damu. Kahawa vilevile. Maziwa pia yanazuia. Hakuna aliyemwambia. Nilimhamishia vidonge usiku, kwa maji na nusu ya ndimu, chai ikabaki ya asubuhi, na baada ya mwezi tukaona tofauti. Ndimu, chungwa, pera, marakuja, vyote vya ukali huo vinakifungulia chuma mlango.

Kuhusu jirani yako. Usigombane naye, atakusaidia siku ya kuzaa. Ila dawa ya chuma hainenepeshi mtoto. Binti mwenye damu kidogo mara nyingi huzaa mtoto mdogo mno, chini ya kilo 2.5, au huzaa kabla ya wakati, na mtoto wa namna hiyo ndiye anayetulaza macho. Hofu ya kupasuliwa ina sababu yake, lakini sababu ni nyonga, haitokani na kidonge. Nyonga ya miaka 16 inaweza kuwa haijamaliza kupanuka. Kwa hiyo asizalie nyumbani, wala kwenye kituo kidogo ambacho hakina chumba cha upasuaji. Mabinti wa umri huu hushikwa pia na kifafa cha mimba kuliko wanawake waliopita miaka 20, kwa hiyo kila CPN adai kupimwa presha, asione haya.

Na nyanya ya kopo! Rangi nyekundu haigeuki kuwa damu, mama, ingekuwa hivyo wauza nyanya wa Kadutu wasingejua upungufu ni nini. Sukre nyekundu ni sukari na rangi. Lakini makopo manane usiyatupe. Yatie kwenye maharagi. Nyanya, hasa ile mbichi, ina ule ukali unaosaidia chuma cha maharagi kuingia.

Nimefika kwenye sambaza. Umeniandikia ukurasa mzima, umetaja unauza sambaza, ila hakuna mahali umesema binti anazila. Najua sababu. Anayeuza samaki hali samaki, anakula hesabu. Kopo moja ukilirudisha nyumbani ni kopo ambalo halikulipa deni la mvuvi. Hata hivyo nakuomba utenge konzi moja kila siku, ya huyu mmoja, kwa miezi hii miwili na nusu iliyobaki. Konzi ya kufungia mkono, si zaidi. Chuma cha samaki na cha nyama kinaingia kwenye damu kwa urahisi kuliko cha majani, na hata kinakivuta kile cha maharagi na cha lengalenga vilivyo kwenye sufuria hiyohiyo. Zikaange au zikaushe, uzitie nzima na vichwa vyake kwenye sombe, majani ya muhogo, au kwenye maharagi. Wengine watakwambia sombe peke yake inatosha kwa kuwa ni kijani kizito. Ina chuma, lakini kinatoka kwa shida. Sambaza mwenyewe ni mgeni kwetu, aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tazama jinsi alivyotulisha. Ukipata ini la ng'ombe mara moja kwa wiki mbili, vizuri, lakini sitaki kukupa orodha ya mambo ya matajiri. Maharagi unayo. Kama una ndugu anayelima njia ya Kavumu, mwambie aulizie pale INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo, zile mbegu za maharagi zenye chuma kingi.

Lingine la nyumbani: nani anapakua? Mara nyingi nimeona binti aliyebeba mimba bila ndoa akipakuliwa mwisho, baada ya baba, baada ya kaka zake, baada ya wadogo, bugali kubwa na mchuzi wa kulowesha tu. Hakuna anayesema ni adhabu. Ni adhabu.

Ndiyo tumerudi kwenye kile kipigo. Acha nikusimulie langu, nililokuwa nalificha muda mrefu kuliko binti yako alivyoficha tumbo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, siku ya CPN benchi lilijaa wamama wenye vitenge. Mwisho wa benchi alikaa msichana wa miaka 15, sketi ya bluu ya shule, shati jeupe limefungwa vibaya kwa sababu vifungo havikukutana. Nikapaza sauti, “Na wewe mtoto, umekuja kutafuta nini hapa?” Wamama wakacheka. Nilikuwa na miaka 24 na nilitaka wacheke. Zamu yake ilipofika benchi lilikuwa tupu mahali pake. Miezi minne baadaye wakamleta usiku wa mvua, kwenye tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, uchungu umekwisha kumkamata. Nilifunua kope ya chini ya jicho lake, na pale panapotakiwa kuwa pekundu kama ndani ya pera palikuwa peupe. Mtoto akatoka salama. Kisha damu ikaja, haikuwa nyingi, vikombe viwili hivi. Mwanamke mwenye damu yake kamili angelala siku mbili na kuamka. Yeye midomo iligeuka rangi ya jivu, akaanza kuuliza kwa nini taa imezimwa, na taa ilikuwa inawaka. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la kubeba mchanga. Kaka yake alitoa damu. Alipona. Hadi leo nakutana naye sokoni, ni mama mzima sasa, ana duka. Hanisalimu. Ana haki.

Kwa hiyo sikuhukumu, mama. Ila ujue kwamba miezi mitano aliyoivaa pulovere ni miezi mitano bila kidonge, na aliivaa kwa kukuogopa wewe, na mimi, na benchi. CPN ya kwanza inatakiwa kabla ya wiki ya 12. Alikosa pia dawa ya kuzuia malaria, ile inayomezwa vidonge 3 kwa pamoja mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne, na kurudiwa kila mwezi hadi apate angalau mara tatu. Malaria huvunja chembe za damu haraka kuliko sisi tunavyoweza kuzijenga. Bukavu mbu si wengi kama Uvira au Kamituga, lakini wapo, na chandarua si pambo. Alikosa na dawa ya minyoo, kidonge kimoja tu, ambacho hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kuna mnyoo anayekaa utumbo na kunyonya damu polepole, na hupenya miguu inayotembea peku kwenye udongo wenye uchafu. Haya yote bado anaweza kuyapata wiki hii. Nenda naye wewe, si shangazi. Kaa naye kwenye benchi. Tahadhari moja ya duka la dawa: usimnunulie vile vidonge vikubwa vya asidi foliki vya miligramu 5 kwa ushauri wa mtu, maana vinaidhoofisha hiyo dawa ya malaria. Kiasi anachohitaji, miligramu 0.4, mara nyingi kimo ndani ya komprime hizohizo za damu.

Hukuniambia mimba ilitoka kwa nani, nami sikuulizi gazetini. Sheria yetu ya Kongo ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kama kulikuwa na nguvu, au mtu mzima, Hospitali ya Panzi aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 imezoea kupokea wasichana wa namna hiyo bila kuwauliza maswali ya benchini.

Baada ya wiki nne arudi atobolewe kidole tena. Akimeza vizuri inapaswa kuwa imepanda kama gramu 1. Kama imekaa palepale ilhali vidonge vinaliwa na chai imesogezwa, msikae kimya, wamtafutie sababu nyingine: malaria iliyojificha, figo, au drepanositozi, yaani ugonjwa wa selimundu, hasa kama ukoo wenu una mtoto aliyekuwa akilia maumivu ya mifupa. Wakati mwingine daktari huamua kumpa chuma kwa mshipa kwa sababu siku zimebaki chache. Na akianza kuhema akiwa amekaa, moyo ukimdunda kama ametoka kukimbia, akizimia, au akiona damu hata tone, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri kuche. Siku ya kuzaa mwombe mkunga asiharakishe kufunga kitovu, angoje dakika 1 hadi 3. Damu iliyobaki kwenye kondo inamalizikia kwa mtoto, ni akiba yake ya miezi ya mwanzo.

Niandikie ukishapata namba mpya.

*Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 17, mimba ya miezi minne. Nakula pemba, ule udongo mweupe wanaouza sokoni kwa vipande. Nilianza na kipande kimoja, sasa ni vitano kwa siku, hata usiku naamka kuitafuta. Mvua ikinyesha harufu ya udongo inanitoa mate. Naona haya kuwaambia wa kituoni. Ni vibaya? Binti wa Panzi.*

Marahaba, mwanangu. Usione haya, nusu ya wajawazito niliowahi kuwahudumia walikuwa na kipande kwenye mfuko wa kitenge, na mmoja alikuwa muuguzi mwenzangu. Hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Ni mduara mbaya: damu kidogo inakutamanisha udongo, udongo unakishika chuma kidogo unachokula na kutoka nacho, damu inazidi kupungua. Tena hujui ulichimbwa wapi, unaweza kubeba mayai ya minyoo au risasi, ile metali. Mwambie mkunga wako hivihivi ulivyoniandikia, upimwe damu, umeze dawa. Wengi hamu inawatoka yenyewe damu ikianza kupanda. Wakati unasubiri, punguza kipande kimoja kila siku mbili, na ule wa usiku uubadilishe kwa kipande cha barafu au karoti mbichi ya kutafuna. Meno yanataka kazi tu.

*Mama Mkunga, mimi ni motari, miaka 19. Mpenzi wangu ana 18, tutamlipia mahari baada ya kuzaa. Damu yake ni 7.6 na muuguzi ameniambia nijiandae kutoa damu. Rafiki zangu pale parkingi wanasema nikitoa nitaishiwa nguvu za kazi na hata nguvu nyingine. Ni kweli? Kijana wa Nyawera.*

Kijana wangu, hizo “nguvu nyingine” ndizo zilizotufikisha kwenye barua hii, haziko kwenye mfuko wa damu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Wanatoa mililita 450 hivi, haifiki nusu lita. Maji yake mwili huyarudisha ndani ya siku moja mbili, na chembe nyekundu ndani ya wiki chache. Uwe na kilo 50 kwenda juu, ule kwanza, unywe maji, na siku hiyo usiendeshe pikipiki hadi jioni ipite. Damu yako itapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, kwa hiyo utaondoka na habari zako pia.

Usingoje siku ya uchungu. Saa nane za usiku benki ya damu haikujui. Nenda sasa, na uende na wenzako wawili wa parkingi, hao hodari wa maneno. Na usishangae wakikuambia mfuko wako hautaingia kwake yeye. Wataalamu wa damu hawapendi mwanamke ambaye bado atazaa apewe damu ya baba wa watoto wake, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza kuikataa na jambo hilo likaja kumsumbua mtoto wa baadaye. Mfuko wako unaingia akibani, yeye anapewa mwingine unaomfaa. Na 7.6 ni ndogo sana, mpeleke aonwe na daktari wiki hii, si kituoni tu. Umpeleke kwa gari. Pikipiki yako ibaki.

*Mama Mkunga, mjukuu wangu alizaa wiki tatu zilizopita, mzima yeye na kichanga. Komprime za damu zimebaki nyingi. Nimewaza kuwapa wadogo zake wa miaka 3 na 5, nao wamepauka. Nyanya wa Kadutu.*

Hapana, nyanya, nakupigia magoti. Vidonge hivyo vina rangi ya peremende na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Hao wawili wapelekeni kituoni wapimwe, wapewe dawa ya kipimo chao. Zilizobaki ni za mama wa kichanga. Aendelee kumeza hadi wiki 6, ikiwezekana 12 baada ya kuzaa, maana ananyonyesha na damu ya uzazi ilimtoka. Zifunge kwenye kitambaa, uziweke juu ya kabati, nyuma ya sahani zile za wageni ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa.